Naingia novisiati, lakini nyumbani Mikindani kunanivuta. Naomba ushauri

MwanaMikindani
Hamjambo wenzangu. Mimi ni kijana wa Mikindani, Mombasa, kifungua mimba wa mamangu. Nimekuwa postulanti, yaani mwombaji wa hatua ya kwanza, kwa Wabenediktini, watawa wanaofuata Kanuni ya Mtakatifu Benedikto, huko bara, na sasa niko nyumbani kwa likizo fupi kabla ya kuvishwa kanzu ya kitawa na kuanza novisiati, yaani kipindi cha malezi kabla ya nadhiri. Wito sina shaka nao. Sala nazipenda, kazi ya ng'ombe na shamba nimeizoea, hata ile baridi ya Julai nimeivumilia.

Kinachonielemea ni jioni. Baada ya Sala ya Mwisho kimya kinaanza mpaka asubuhi, hakuna kusemeshana. Saa hizo ndipo barazani kwetu kumechangamka: mama anaepua viazi karai vya mwisho, wadogo zangu wanagombania ukwaju, jirani kaja na habari zake. Nikijilaza tu nazisikia zile sauti. Simu tunapewa kwa nadra, na mama akinipata huanza kulia kabla hatujasalimiana. Mjomba naye ameniambia waziwazi kwamba nimemkimbia mjane. Nyinyi mnaoyajua maisha haya, mlizoeaje?

NilikuwaNovisi
Pole sana mdogo wangu. Nilikaa monasterini mpaka nadhiri za muda, zile ahadi za kitawa za miaka michache, zikaisha, nikatoka kwa amani, sasa nina familia Changamwe. Kwa hiyo sikuambii ubaki wala utoke.

Ila jioni naijua. Mtakatifu Benedikto aliipangia Sala ya Mwisho zaburi zilezile kila siku: ya 4, ya 91 na ya 134. Ukishazijua kwa moyo hata kitabu huhitaji. Mimi nikifika kwenye ule mstari wa hofu ya usiku nilimtaja mama moyoni kwa jina lake, kisha wadogo zangu mmoja mmoja. Nilikuwa nimewakabidhi, ndipo nikaweza kulala. Haikuwa siku moja, ilichukua muda mrefu.

La pili, mweleze mlezi wa manovisi haya uliyotueleza sisi. Sura ya 58 ya Kanuni ya Benedikto inataka anayeingia aambiwe magumu yote mapema. Hakuna mlezi atakayeshangaa kusikia umekumbuka kwenu.

MamaKisauni
Mwanangu, nakuandikia kama mzazi. Binti yangu ni mtawa wa ndani, hatoki. Mwanzoni nililia kila akipiga simu, na si kwamba nilitaka arudi. Sikuwa na picha ya mahali anapolala. Nilipokwenda kumtembelea, nikala chakula chao, nikaona bustani anayomwagilia, nikawasikia wakiimba, moyo ukatulia. Sasa nikimkumbuka najua kakaa wapi. Mpeleke mamako akaone. Kwa Wabenediktini mgeni hupokewa kama Kristo mwenyewe, ndivyo Kanuni yao inavyosema.

KatibuJumuiya
Niongeze upande wa sheria, maana watu huogopeshwa bure. Kwa Mkusanyo wa Sheria za Kanisa wa 1983, novisiati ni miezi 12 kamili. Ukiwa nje ya nyumba ya novisiati zaidi ya siku 15, siku hizo utazifidia. Ukizidisha miezi 3, iwe mfululizo au kwa vipande, novisiati inabatilika. Kwa hiyo usiweke ahadi kwamba utakuwa unakuja Mombasa kila likizo ya shule. Lakini novisi yuko huru kuondoka wakati wowote, na nadhiri za kwanza ni za muda, si chini ya miaka 3. Mjomba aelezwe kwamba hujafungiwa mlango.

Na kama una deni, la chama au la mkopo wa masomo, liseme sasa. Kanuni ya 644 ya Mkusanyo huo wa Sheria inakataza kumpokea novisiati mtu mwenye madeni asiyoweza kuyalipa.

AbuZahra
Salaam ndugu yangu. Mimi Muislamu wa Majengo, lakini niliondoka kwetu mdogo kwenda kusoma dini mbali, kwa hiyo hayo ya usiku nayajua. Nakuuliza jambo moja. Mamako anauza viazi. Gunia la viazi na la makaa nani alikuwa akimbebea? Ulipoondoka, kazi hiyo ilibaki kwa nani? Maana mzazi anaweza kulia kwa uchungu wa moyo, na anaweza kulia kwa kuchoka. Hayo mawili hayatibiwi kwa dawa moja.

MwanaMikindani
Nimewasoma wote, Mungu awabariki. Shikamoo mama wa Kisauni. Abu Zahra, umegusa penyewe: mbebaji nilikuwa mimi. Leo nimemuuliza mama, akanijibu kwamba siku hizi anapunguza viazi kwa sababu mgongo unamuuma. Hilo hakuniambia kwenye simu hata mara moja. Nimekaa na mdogo wangu wa kiume, tumekubaliana na kijana wa mkokoteni awe anamletea gunia mpaka mlangoni, na mdogo wangu ndiye atakayelipa kutoka kazi yake ya bandarini. Deni sina. Kesho namwita mjomba. Je, mama anaweza kuja siku ya kuvishwa kanzu?

NilikuwaNovisi
Hilo kila nyumba ina utaratibu wake. Kwetu ilifanywa na jumuiya peke yake, wazazi wakaalikwa siku ya nadhiri. Mpigie mlezi kabla hujamwambia mama lolote.

MamaKisauni
Marahaba mwanangu. Wakikataa siku hiyo, omba siku nyingine ya kutembelea na mumwombee chumba cha wageni mapema. Asisafiri peke yake na huo mgongo, na abebe sweta nzito na soksi. Sisi wa Pwani hudhani leso inatosha.