Mrejesho: Mahali tulipoadhimisha ndoa yetu jijini Nairobi

Ndugu zangu, niliomba ushauri kuhusu mahali pa kumpeleka mke wangu kula tutakapotoka Arusha kwenda Nairobi kuadhimisha miaka 15 ya ndoa, nanyi mlinijibu kwa ukarimu, ahsanteni sana. Wengi mlipendekeza mikahawa tulivu ya katikati ya jiji, lakini kwa kuwa mwenzangu ni mpenzi wa nyama choma, tulichagua Carnivore, iliyofunguliwa mwaka 1980 upande wa Lang'ata.

Ukiingia unakutana na shimo kubwa la mkaa ambapo nyama huchomwa ikiwa imetungwa kwenye sime za Kimasai, kisha wahudumu huileta mezani na kukukatia kwenye sahani ya chuma yenye moto, wala hawaachi mpaka ulaze kibendera kilichosimama juu ya kinara cha michuzi. Nyama ya pundamilia aliyoisifu mmoja wenu haipo tena, kwani Kenya ilipiga marufuku uuzaji wa nyamapori mwaka 2004. Mamba na mbuni wa kufugwa wapo. Mke wangu alionja mamba, akasema heri mbuzi, nami nakubaliana naye kabisa.

Makundi ya watalii ni mengi, hivyo anayetaka mazungumzo ya faragha aweke nafasi mapema na kuomba meza ya pembeni.