Kulungu aliyejeruhiwa: afuatwe na mbwa au aachwe?

Wakuu, naomba tulijadili hili. Hapa Pennsylvania, Marekani, hadi mwaka 2018 sheria ilikataza kutumia mbwa kumtafuta kulungu aliyejeruhiwa. Sasa ni ruksa, mradi mbwa awe na kamba. Bado wapo wawindaji wanaolalamika: eti mtu akijua mbwa wapo, atapiga ovyo. Mimi siafiki.

Msimu uliopita wa upinde, jirani yangu alimpiga kulungu jike, jua likizama. Mshale tuliuokota una majimaji ya kijani, unanuka kinyesi. Umepita tumboni. Mnyama wa namna hiyo hafi upesi, na damu haimwagiki maana mafuta na utumbo huziba tundu. Ukimfuata papo hapo anainuka, anatokomea. Tukamwacha alale. Alfajiri tukaona matone matatu kwenye majani makavu ya mwaloni, basi.

Akaja mama mmoja na mbwa wake wa miguu mifupi, kamba ya mita 10 hivi. Mbwa hategemei damu tu: kulungu ana tezi katikati ya kwato, kila akikanyaga anaacha harufu. Tulivuka kijito, tukapita chini ya miiba, kamba ikalegea. Alikuwa pale, amejikunja. Bila yule mbwa angeoza, na jirani yangu angekwenda kuua mwingine.

Jibu: Mkuu, umeeleza vizuri, ila huyo mnyama aliteseka usiku kucha. Mbwa kaokoa nyama, hakumwokoa kulungu. Dawa ni kuacha kupiga usipoona vizuri. Halafu mimi nina shamba. Sitaki watu na mbwa waingie bila hodi kwa kisingizio cha damu.

Mwanzisha mada: Kuhusu hodi uko sahihi kabisa. Gonga, omba, ukikataliwa mpigie askari wa wanyamapori, usiruke uzio. Lakini hilo la mateso ndilo linalonifanya nishikilie msimamo. Hata mpiga shabaha hodari hukosea. Kulungu husogea hatua moja mshale ukiwa hewani. Wengine mbwa huwakuta bado hai, wakamaliziwa palepale. Ujerumani sheria inamtaka mwindaji akatishe mateso ya mnyama aliyemjeruhi, na mbwa aliyefunzwa ni sehemu ya wajibu huo. Kwangu mimi hapa Pennsylvania tumeishia nusu njia: tumeruhusu, hatujalazimisha. Aliyejeruhi akatafuta dakika kumi akaenda kulala, tumfanye nini?