Injini ya Honda CG125 imeliwa na chumvi ya bahari, naisafishaje nyumbani bila kuiharibu?

mwanapangani
Wakuu habari za jioni. Nina pikipiki CG125 ya marehemu mzee, imekaa bandani huku Pangani tangu 2013, upepo wa bahari unaingia moja kwa moja. Juzi ndo nimeanza kuifungua maana nataka irudi barabarani, wa vyuma chakavu wameshanifuata mara mbili wanataka kuipima kwa kilo na mi sitaki hata kusikia. Sasa hali niliyoikuta, kava ya klachi na silinda hedi vina unga mweupe umegandia, ukiukwangua kwa kucha chini unakuta vishimo vishimo. Kabureta ndo imezidi, kile kikombe cha chini kina ukoko wa kijani na floti (kile kiboya cha ndani) imeganda haipandi haishuki. Bolti zina kutu nyekundu, kiki haiendi kabisa, nahisi pistoni imeshika. Sina kompresa wala mashine ya kupiga mchanga, nina jiko la mkaa, ndoo na muda wa jioni. Jirani ananiambia niloweke kila kitu kwenye maji makali ya betri nilale, asubuhi nikute vipya. Kuna aliyewahi? Nisaidieni hasa kwenye alumini.

boda_wa_kona
Maji ya betri nilishatumia kwenye stendi na sproketi ya zamani, kutu inatoka kweli tena haraka. Ila yanatoa moshi unaokaba koo, fanyia nje na uvae glavu. Kwa injini sijajaribu.

fundi_mkaa
Mwanapangani tafadhali usiloweke hiyo hedi!! Mimi nina miaka 19 kwenye hii kazi na hedi niliyoiua kwa tindikali ya betri bado naikumbuka, ilikuwa ya mteja, niliitoa asubuhi uso wa gasketi umekuwa kama chapati iliyochomwa chomwa na uma, nikamlipa. Na hata vyuma vyenyewe, springi za klachi na bolti ngumu zikilala kwenye tindikali zinakuwa rahisi kukatika, kwa macho huoni kitu ila siku unakaza inabaki nusu mkononi. Kostiki soda nayo usiiguse kwenye alumini, inachemka na kuiyeyusha, na magadi ya moto vilevile.

Anza na sumaku. Pitisha kwenye kila kipande, kinachonasa weka ndoo hii, kisichonasa weka ndoo ile, maana dawa ya huyu ni sumu ya yule. Chuma kilaze kwenye siki ya kawaida usiku mmoja, asubuhi sugua na brashi ya waya, suuza na maji yenye magadi kidogo kuua ile siki, kausha juani na upake oili hapo hapo, ukienda kunywa chai kwanza unarudi unakuta kutu mpya ya rangi ya chungwa imeshaanza.

Alumini haitaki haraka. Osha na mafuta ya taa kwanza grisi yote itoke, halafu kamua ndimu kwenye maji ya moto, tumbukiza dakika 10 hivi, sugua na mswaki wa zamani au brashi ya waya wa shaba, suuza, angalia, rudia kama bado. Ukiiacha humo masaa inageuka nyeusi. Ule waya wa kusugulia masufuria usitumie, vipande vyake vinabaki kwenye alumini vinaota kutu. Na maji ya kusuuzia yasiwe ya kisima cha huko pwani, yana chumvi ileile iliyokuletea shida, kinga maji ya mvua. Nyuso za gasketi usizipige msasa kwa mkono, laza msasa laini wa namba 400 juu ya kioo kinene, weka mafuta ya taa, zungusha hedi taratibu kama namba nane.

boda_wa_kona
Sawa fundi nimekuelewa, sikujua habari ya springi.

mama_wa_spea
Nauza spea za pikipiki, naongezea kwenye kabureta. Toa raba zote, floti na jeti (vile vipande vyenye tundu dogo la kupitisha petroli) kabla ya kuchemsha na ndimu. Tundu la jeti usilizibue kwa sindano, linapanuka na pikipiki inaanza kunywa mafuta, chukua uzi mmoja tu wa shaba kutoka kwenye waya wa umeme. Jeti ikiwa imeliwa nunua nyingine, injini nyingi za kichina za bodaboda zimenakiliwa kutoka kwenye hiyo CG kwa hiyo spea zipo, ila njoo na ya zamani mkononi tulinganishe. Beringi yenye kutu usihangaike kuisafisha, tupa. Na jamani msichanganye jiki na siki, ile hewa inaua.

mwanapangani
Asanteni sana. Skrubu mbili za kava zimegoma na kichwa kimoja kimeanza kulika. Na pistoni je?

fundi_mkaa
Skrubu za mjapani msalaba wake sio sawa na bisibisi tulizozoea, ndo maana inateleza na kula kichwa. Tafuta bisibisi ya kugonga na nyundo. Kabla ya hapo mwagia kava maji yanayochemka, alumini inatanuka karibu mara mbili ya chuma kwa hiyo skrubu inalegea. Zinashika hivyo kwa sababu chuma na alumini vikikutana na maji ya chumvi vinakuwa kama betri, na anayeliwa ni alumini. Ukirudishia paka grisi kwenye meno.

Pistoni, mimina ATF (mafuta ya gia za otomatiki) iliyochanganywa na dizeli kwenye tundu la plagi, kila siku ongeza kidogo. Weka gia ya juu, tikisa tairi la nyuma mbele na nyuma polepole. Usiruke juu ya kiki.

mwanapangani (baada ya siku tisa)
Wakuu imeachia! Siku ya sita, tairi lilienda kama nusu inchi nikasikia kitu kimekwaruza ndani, nikaacha nikaongeza mafuta, kesho yake ikazunguka yote. Nimevua silinda, kwenye slivu (lile bomba la chuma pistoni inamopita) kuna mstari wa kutu pale ringi zilipokuwa zimekaa, nimesugua kidogo na msasa na oili ila kucha bado inakwama.

fundi_mkaa
Kucha ikikwama usiendelee kusugua, utaharibu umbo la duara la silinda. Peleka kwa mtu wa leti (mashine ya kuchonga vyuma) aipime, pengine kuitanua milimita 0.25 inatosha, isipotosha anaenda 0.50, ila nunua pistoni kwanza ndo achonge kwa kuifuata.

mwanapangani
Jumamosi naenda Tanga mjini nayo. Hedi imetoka vizuri, vishimo vichache vimebaki upande wa nje tu. Na jana nilisafisha pale kwenye namba ya injini, ilikuwa haisomeki kabisa, ndimu mara tatu na mswaki, nikachukua kadi ya pikipiki ya mzee nikalinganisha tarakimu moja moja. Ni yenyewe.