Tupeane uzoefu: Baiskeli ya changarawe katika misitu na mashamba ya Ufaransa

Msafiri wa Morvan

Ndugu zangu, naomba tukusanye hapa visa vyetu wenyewe vya kuendesha baiskeli ya changarawe, ile Waingereza wanayoiita *gravel bike*, yenye matairi mapana kidogo ya kupita njia zisizo na lami, vijijini Ufaransa. Sizungumzii barabara kuu za lami wala njia za milimani za kurukia mawe, bali zile za katikati: njia za msituni wanamopita wabeba magogo, njia za mashamba zenye majani katikati na mifereji miwili ya matairi ya trekta, na vibarabara vyembamba vinavyounganisha kijiji na kijiji. Wengi wetu tumekulia kwenye barabara za vumbi, na mimi nilipoanza niliamini kwamba sina jipya la kujifunza. Nilifundishwa na njaa.

Ilikuwa Jumapili ya mwezi Mei. Nilipanda treni ya mkoa ya asubuhi katika stesheni ya Paris-Bercy, nikateremka Avallon, mji ulio kwenye lango la kaskazini la Morvan. Hivi ni vilima vya mawe ya matale vilivyofunikwa na misitu, navyo vimekuwa hifadhi ya asili ya kimkoa tangu 1970. Kilele chao kirefu kuliko vyote, Haut-Folin, kina mita 901 tu, na mtu aliyeizoea Usambara anaweza kuicheka namba hiyo. Nami niliicheka, hadi nilipogundua kwamba taabu ya Morvan haimo katika urefu wa mlima mmoja, bali katika kushuka hadi kijito, kupanda, kushuka tena hadi kijito kingine, na kupanda tena kuanzia asubuhi hadi jioni pasipo tambarare ya kupumzisha miguu.

Nilikuwa na chupa mbili za maji na kipande cha mkate wenye jibini, kwa hesabu kwamba kijiji cha mbele kitakuwa na duka. Duka lilikuwepo. Nilifika saa saba kasoro dakika ishirini, nalo lilikuwa limefungwa saa sita na nusu, halifunguliwi tena hadi Jumanne, kwa sababu duka la mikate la kijijini lililofanya kazi Jumapili asubuhi mara nyingi hupumzika Jumatatu nzima. Kijiji kilichofuata kilikuwa na kanisa, mnara wa kuwakumbuka waliokufa vitani, na kimya. Aliyeniokoa ni mzee mmoja aliyekuwa akimwagilia maua kwenye kaburi: alinionyesha bomba la makaburini, akaniambia kwamba waendesha baiskeli wote wa Ufaransa hunywa maji ya wafu. Tangu siku hiyo, kila nikiona ukuta wa makaburi pembeni mwa kijiji nakwenda kutazama bomba, isipokuwa pakiwa na kibao kisemacho *eau non potable*, maana yake maji hayo si ya kunywa.

Jambo la pili la Morvan ni magogo. Kwa zaidi ya karne tatu kuni za huko zilielea kwenye mito ya Cure na Yonne hadi Paris, na bwawa la Settons, ambako watalii leo huogelea, lilijengwa katika karne ya 19 ili maji yatoshe kuzisukuma. Biashara ya miti haijakoma, ila siku hizi inakwenda kwa lori. Mara mbili nimefuata njia iliyochorwa vizuri kwenye ramani, nikatokea mahali ambapo msitu mzima wa misonobari umekatwa na njia imegeuzwa handaki la matope na mashine za kukatia miti. Hapo huendeshi tena, unabeba.

Basi leteni visa vyenu: chakula na maji mlipata wapi, na mlikosea wapi?

Binti wa Gumegume

Shikamoo kaka Msafiri. Mimi naishi karibu na Le Mans, na uwanja wangu ni Perche, nchi ya vilima vya mviringo, mashamba madogo yaliyozungushiwa ua wa miti, na wale farasi wakubwa wa kazi wanaobeba jina la eneo lenyewe. Njia zake za zamani zimezama chini kuliko mashamba yaliyo pande zote mbili, matawi yakikutana juu kama dari, na ndiyo maana jua halizifikii wala matope hayakauki upesi. Udongo ni wa mfinyanzi uliochanganyika na mawe ya gumegume. Mfinyanzi hujaza nafasi kati ya tairi na fremu hadi gurudumu linakataa kuzunguka, na gumegume hukata tairi kama wembe.

Langu lilikatwa ubavuni mwezi Novemba, kilomita nane kutoka Bellême. Natumia matairi yasiyo na tyubu, yale yenye gundi ya majimaji ndani inayoziba matundu madogo, lakini mpasuko wa urefu wa ukucha haukuzibika; gundi yote iliishia kwenye suruali yangu. Nilifanya alivyokuwa akifanya fundi wa mtaani kwetu Tanga: nikakunja karatasi ngumu ya biskuti, nikaiweka ndani ya tairi penye mpasuko, nikatia tyubu ya akiba, nikajaza upepo nusu, nikaenda taratibu mpaka mjini. Kwa hiyo nawashauri mbebe tyubu hata kama muuzaji amewaapia kwamba hamtaihitaji.

Nyongeza kuhusu farasi. Ukimkuta mtu amepanda farasi njiani, punguza mwendo ungali mbali na useme kwa sauti ya kawaida, *bonjour*, ili mnyama atambue kwamba kitu kinachokuja nyuma yake ni binadamu. Nilipita kimya mara moja, nikidhani ni adabu, na farasi alimpeleka mwenyewe kwenye miiba.

Mtoto wa Bukavu

Nashukuru kwa mada hii. Mimi nilipata kisa changu katika msitu wa Tronçais, mkoani Allier, kiasi cha hekta 10,600 za mialoni mirefu iliyonyooka kama nguzo. Colbert, waziri wa Mfalme Louis wa 14, aliuweka chini ya usimamizi wa serikali mwaka 1670 ili jeshi la majini lisikose mbao za meli. Leo mialoni hiyo inatoa mbao za mapipa ya mvinyo. Njia nyingi hukutana kwenye viwanja vya duara, na mtu akitoka na njia isiyo yake anaweza kwenda kilomita tano kwa furaha kubwa kabla ya kujua kwamba amepotea.

Nilikwenda Jumamosi ya Oktoba, nimevaa koti la rangi ya majani makavu. Nilipita kibao kilichoandikwa *chasse en cours*, yaani uwindaji unaendelea, nisikisome, kwa sababu nilikuwa nikitazama kifaa changu cha ramani. Baada ya dakika kumi nikasikia mbwa, kisha tarumbeta, kisha risasi. Mbele yangu palisimama wanaume waliovaa vizibao vya rangi ya chungwa, wamepangwa kando ya njia, wakingojea nguruwe mwitu watolewe vichakani. Mmoja wao, mtu wa makamo, hakunitukana. Aliniuliza kama kwetu watu huingia uwanja wa mpira katikati ya mechi, kisha akanisindikiza hadi barabarani. Msimu mkuu wa kuwinda huanza Septemba na kuendelea hadi mwisho wa Februari, kwa hiyo miezi hiyo mimi huuliza ofisi ya kijiji kuhusu siku za kuwinda, na koti la chungwa halitoki mwilini.

Vibao vingine pia vinastahili kusomwa. Duara jeupe tupu lenye ukingo mwekundu linamkataza kila mwenye chombo, na baiskeli ni chombo. Lakini duara hilo likiwa na picha ya gari na pikipiki, baiskeli inapita. Tena tukumbuke kwamba robo tatu ya misitu ya Ufaransa ni mali ya watu binafsi, na kuwa sheria ya Februari 2023 imeweka faini kwa anayeingia katika msitu au shamba la mtu penye alama inayoonyesha wazi kwamba ni mali binafsi.

Msafiri wa Morvan

Ndugu Mtoto wa Bukavu, nimecheka na nimeogopa. Nami nimeona juzi kwamba vijiji kadhaa vimewekewa mashine ya kuuzia mikate, inayotoa mkate saa yoyote ukitia sarafu. Kwa hiyo sarafu zimeingia kwenye orodha yangu, pamoja na kibanio cha kung'olea kupe.

Mama Limoges

Wanangu, mimi nina miaka hamsini na nane na baiskeli yangu ina injini ndogo ya umeme. Sioni haya kuisema. Napita kwenye uwanda wa Millevaches, ambao jina lake, ukilisoma kwa Kifaransa cha leo, ni "ng'ombe elfu", na ng'ombe kweli nimewakuta, wale wekundu wa Limousin.

Mwezi Juni niliingia njia ya shamba, nikakuta kundi zima linahamishwa, limejaza njia ukuta hadi ukuta. Vijana wawili wa baiskeli waliokuwa mbele yangu walijaribu kupenya, na ndama mmoja akatoka mbio akarudi kule alikotoka. Mimi nilishuka, nikasimama kwenye majani kimya, nimeishika baiskeli upande wa mbali na wanyama, kama nilivyofunzwa nikiwa mtoto Singida. Mwenye ng'ombe alipofika nilimwamkia kwanza, nikamuuliza habari za malisho, kisha ndipo nikamuomba maji. Alinipa maji, akanipa na njia ya mkato isiyo kwenye ramani yoyote, inayopita nyuma ya zizi lake.

Nikiwa naondoka aliniuliza baba yangu alikuwa na ng'ombe wangapi. Nilimjibu kwamba kwetu mtu haulizwi idadi ya ng'ombe wake. Alinitazama kidogo, akasema kwamba hata yeye, afisa wa kilimo anapomuuliza, huwa anasahau.