Ringi za vipande: naogopa bure?

Dereva_Mgeni:
Shikamooni wakubwa. Nimekabidhiwa lori la zamani kidogo. Mbele lina ringi za kipande kimoja, inchi 22.5, tyubulesi, yaani zisizo na tyubu. Nyuma ni zile za vipande, inchi 20, zenye tyubu na pete ya chuma ya kufungia tairi kwenye ringi. Jana fundi alijaza upepo gurudumu likiwa limelala chini, mguu mmoja juu yake, huku anaigonga pete kwa nyundo ati ikae vizuri. Nikajikuta nimesogea mbali. Niliogopa bure? Na hizo za nyuma nizitoe zote?

Mzee_Nyundo:
Marahaba. Hukuogopa bure, mwanangu. Sikio langu la kushoto halisikii vizuri kwa mchezo huohuo. Niliinama kuokota spana, pete ikapita pale kilipokuwa kichwa changu.

Upepo wa baa 8 unasukuma kila sentimita mraba kwa nguvu ya kama kilo 8. Piga hesabu ya ubavu mzima wa tairi, utafika makumi ya tani. Nyundo haina kazi hapo. Pete inakaa kwa sababu mfereji wake ni safi, haujaliwa na kutu, na pete na ringi ni za aina moja. Hapo kwenye aina ndipo watu wanapoumia: pete mbili zinafanana kama mapacha, ukizisugua kutu unakuta alama tofauti. Usizioanishe, hata zikiingiliana.

Gurudumu likae ndani ya kizimba cha chuma, mpira wa upepo uwe mrefu, kichwa chake kijishike chenyewe kwenye valvu, nawe usimame pembeni. Kabla hujalegeza hata nati moja, chomoa kiini cha valvu upepo uishe wote. Kama ni tairi pacha, toa wa zote mbili. Nimeona watu wanaikumbuka ya nje tu.

Ringi za vipande zikiwa nzima zinafanya kazi. Ila mimi ningezitoa. Tairi ya saizi 11R22.5 inakaribiana kimo na ya 10.00R20, lakini badilisha magurudumu yote ya ekseli moja kwa pamoja, usichanganye.

Tandiboi_Mstaafu:
Kwa hiyo tyubulesi ndiyo salama, Mzee?

Mzee_Nyundo:
Haina pete ya kuruka, lakini ubavu wake unapasuka. Tairi iliyotembea chini ya asilimia 80 ya upepo wake, nyuzi za chuma ubavuni huwa zimechoka. Ukiijaza tena zinakatika moja baada ya nyingine, halafu ubavu unafunguka kama zipu. Ukisikia vimlio vya kudata, funga upepo ukiwa hukohuko mbali, usisogee kuangalia. Na asichomelee mtu ringi yenye tairi, hata iwe haina upepo. Mpira ukipata moto ndani hutoa gesi, nayo hulipuka.

Spana_32:
Naongeza la nati. Michirizi ya kutu inayoanzia kwenye nati ni dalili kwamba imelegea. Rangi nene kati ya ringi na habu, kile kitovu ringi inapofungwa, nayo hulegeza. Ukishafunga, tembea kilomita 80 hadi 160, kisha kaza tena kwa spana ya kipimo. Ukihamia ringi za alumini angalia urefu wa stadi, zile bolti zinazoshika nati, maana ringi hizo ni nene.

Dereva_Mgeni:
Nimerudi kusugua kwa brashi ya waya. Kati ya pete nane za nyuma, mbili zina alama tofauti na ringi zake. Lori limesimama hapohapo, bosi anapiga simu ya tatu sasa.

Mzee_Nyundo:
Mpelekee picha za hizo alama.