Hardtop inavuja gurudumu la mbele: nifungue mwenyewe au nimpe fundi?

Mkonga_Tabata: Wakuu, habari za Jumapili. Nina Land Cruiser hardtop ya 2002, injini 1HZ, mbele koili springi. Gurudumu la kushoto limelowa kwa ndani, linadondosha uji mweusi hapa uani. Nikifika 80 usukani unatetemeka. Fundi kasema sili (mipira ya kuzuia oili isitoke) na bushi (raba za maungio) zote zibadilishwe, akataja hela ambayo nimemwambia ngoja nikalale kwanza. Nina spana, jeki na Jumamosi mbili. Nijilipue?

Spana17: Huo uji ndio jibu. Sili ya ndani ya ekseli imekufa, oili ya difu (boksi la gia la katikati ya ekseli) inaingia kwenye bakuli la jointi ya gurudumu na kuyeyusha grisi. Ukibadili ya nje tu, mwezi hauishi utarudi hapa. Ila kwanza angalia tundu la kupumulia difu. Likiziba, difu ikipata moto presha inasukuma oili kwenye sili. Mimi nimenunua sili mara mbili kwa ujinga huo.

Kijana_wa_IST: Uza hiyo meli mkuu 😂

DadaGrisi: Usiingie chini ya gari lililoshikwa na jeki tupu. Weka stendi mbili, na magogo matairi ya nyuma. Nati ya hubu, kitovu cha gurudumu, inataka spana ya boksi ya milimita 54, usiipige patasi. Shimu (vibati vyembamba) za beringi za kingipini, pini ambayo gurudumu hugeukia, za juu na za chini, zitie alama. Ukizichanganya utautafuta mtetemo hadi Pasaka.

Mkonga_Tabata: Asante dada. Na bushi?

DadaGrisi: Za arm, ile mikono inayoshika ekseli, hazitoki kwa nyundo. Fungua arm, beba hadi mtaa wa Gerezani, Dar, kwa mwenye presi, mashine ya kusukumia bushi. Ukirudisha, zile bolti zikaze mwisho gari likiwa limekanyaga chini. Ukikaza likining'inia, raba inajinyonga na kuchanika mapema.

Mzee_Difu: Kijana, usinunue bushi kabla ya kupima. Inua gurudumu, shika juu na chini, tikisa. Likicheza, mwite mtu akanyage breki, utikise tena. Mchezo ukiisha, ni beringi za gurudumu. Ukibaki, kingipini. Lisipocheza kabisa, kafanye balansi ya matairi kwanza, ni hela ndogo.

Mkonga_Tabata: Mzee shikamoo. Nimetikisa: linacheza, na breki ikikanyagwa bado linacheza. Halafu Spana17, nimechungulia lile tundu. Kifuniko hakipo, nyigu wamejenga humo.