MREJESHO: Tela la mizigo limekuwa la kulala

Wakuu, niliuliza namna ya kugeuza tela dogo la mizigo liwe la kambi bila kulilemea gari langu. Ahsanteni sana. Nimefuata ushauri wa mabomba membamba ya mraba na turubai badala ya bodi la bati; fundi wa Gerezani, Dar, kachomelea. Tangi la maji na betri vimekaa mbele kidogo ya ekseli, kwenye ndoano ya gari inayovuta tela ikaangukia kama asilimia 10 ya uzito wote wa tela, na kweli tela haliyumbi hata barabara ya Bagamoyo.

Ila mkuu uliyesema silikoni ya kuziba inatosha kwenye mishono ya turubai, Kigamboni tulivujiwa kama tumelala chini ya chujio! Sasa nafunga turubai la pili juu, liachane na la chini kwa nafasi kama upana wa kiganja. Springi bado ngumu, tela likiwa tupu linarukaruka.